Saa Mbili Asubuhi ni Nyuzi 30

Tutazungumzia hisabati, lakini nakuomba usinyooshe mkono kuzima redio, kwa sababu leo hutahitaji kikokotoo wala kitabu cha majedwali. Utahitaji kitu ambacho tayari unacho, nacho ni namna yetu ya Kiswahili ya kuhesabu saa. Neno nililokuja nalo ni moja, na nitalirudia kila tukipiga hatua: thamani za saini, kosaini na tanjenti, pamoja na alama zake za chanya na hasi, si vitu vya kukariri. Ni vitu vya kusoma, kama mtu asomavyo saa. Husomwa kwenye duara moja, na msemaji wa Kiswahili hulizunguka duara hilo kila siku pasipo kujua, kila anapomwambia mwenzake, tuonane saa mbili asubuhi. Na kwa wale waliostuka kusikia saini: hii siyo ile ya kuweka chini ya hati ya kiwanja. Hii ni saini ya pembe, ile ambayo kwenye kikokotoo huandikwa kwa herufi tatu tu, sin.

Tuanze na hali ilivyo. Kijana anapoanza trigonometria hupewa pembetatu yenye pembe mraba na wimbo wa kukumbuka ni upande upi hugawanywa kwa upi, wimbo mzuri ambao umewavusha wengi. Baadaye hupewa jedwali dogo la pembe maalumu, 30, 45 na 60, lenye vipeuo vya mbili na vya tatu vilivyopangwa kama vyombo kabatini. Baadaye tena, pembe zinapovuka 90, hupewa sentensi ya Kiingereza isemayo kuwa wanafunzi wote hunywa kahawa, na herufi za mwanzo za maneno yake humkumbusha wapi nini ni chanya. Hebu hesabu mizigo hiyo: wimbo, jedwali, sentensi. Ni mitatu, na hakuna hata mmoja unaomjua mwenzake. Sasa muulize kijana huyo, saini ya nyuzi 150 ni ngapi? Wimbo unanyamaza, kwa kuwa hakuna pembetatu yenye pembe mraba inayoweza kubeba nyuzi 150 ndani yake. Jedwali limeishia 60. Sentensi ya kahawa inamwambia alama tu, nayo ni iwapo anakumbuka neno la kwanza huwekwa wapi na mzunguko huelekea upande gani. Je, kosa ni la kijana? Mimi nasema si lake. Amepewa vipande vitatu vya kitu kimoja, asionyeshwe kitu chenyewe.

Basi tukione kitu chenyewe. Redio haina ubao, kwa hiyo ubao wetu leo ni mbingu. Simama, hata kama ni kwa mawazo tu, uelekeze uso kaskazini. Mkono wako wa kulia uko mashariki, wa kushoto uko magharibi. Jua linachomoza kuliani kwako, linapanda, linafika utosini, linateremkia kushotoni, linazama. Kisha usiku kucha linapita chini ya nyayo zako mpaka lirudi mashariki. Chukulia kuwa njia hiyo ni duara, wewe uko katikati, na umbali kutoka kwako hadi kwenye jua ni moja. Moja ya nini? Moja tu, kipimo utajiwekea mwenyewe. Hilo ndilo duara la moja, duara ambalo nusu kipenyo chake ni moja. Mstari wa upeo wa macho, kutoka kulia hadi kushoto, ndio mhimili wa x. Mstari wa kutoka utosini hadi chini ya nyayo ndio mhimili wa y. Vitabu vya hisabati huanza kuhesabu pembe hapo kulia, na huiongeza kwenda juu. Nasi je, saa zetu huanzia wapi? Kuna wenzetu ambao siku yao huanza katikati ya usiku. Sisi twaanza jua linapochungulia: saa moja asubuhi ni saa moja tangu macheo. Duara zima lina nyuzi 360, siku nzima ina saa 24, kwa hiyo kila saa jua linasogea nyuzi 15. Saa mbili asubuhi ni nyuzi 30. Saa tatu ni 45. Saa nne ni 60. Saa sita mchana ni 90. Saa kumi jioni ni 150, ile ile iliyomshinda kijana wetu. Jua likizama, saa kumi na mbili, tumefika 180, na ukiingia usiku unaongeza juu ya hizo: saa mbili usiku ni 210, saa sita usiku ni 270.

Sasa saini na kosaini ni nini katika picha hii? Mafundi uashi wana kifaa chao kiitwacho timazi, uzi wenye kitu kizito mwishoni, unaoning'inia wima pasipo kupinda. Teremsha timazi kutoka kwenye jua hadi kwenye mstari wa upeo wa macho. Urefu wa uzi huo ndio saini. Mahali timazi inapogusa mstari, ukipima kutoka pale uliposimama, ndipo penye kosaini. Narudia, maana hapa ndipo penye mzizi wa mambo yote: saini ni kimo cha jua, kosaini ni umbali wake wa kwenda kulia au kushoto. Kimo kikiwa juu ya upeo wa macho, ni chanya. Jua likiwa chini, ni hasi. Umbali ukiwa upande wa mashariki, ni chanya. Ukiwa upande wa magharibi, ni hasi. Hakuna kanuni nyingine. Haya, sasa niambie wewe: asubuhi, jua likiwa juu na liko mashariki, alama ni zipi? Zote mbili chanya. Alasiri, jua bado liko juu lakini limehamia magharibi? Saini ni chanya, kosaini ni hasi. Baada ya machweo, jua liko chini na bado liko magharibi? Zote mbili hasi. Na kuanzia saa sita usiku hadi macheo, jua liko chini lakini linarejea mashariki? Saini ni hasi, kosaini ni chanya. Umemaliza robo nne za duara, na sikukwambia ukariri chochote. Nimekuuliza tu jua liko wapi.

Alama tumezipata, tuzitafute thamani zenyewe. Kwa nini saini ya nyuzi 30 ni nusu kamili? Weka nukta mbili kwenye duara: moja nyuzi 30 juu ya upeo wa macho, yaani jua la saa mbili asubuhi, nyingine nyuzi 30 chini ya upeo, yaani jua lilipokuwa saa mbili kabla ya macheo. Ziunganishe na katikati uliposimama wewe. Utapata pembetatu. Pande zake mbili zinatoka katikati hadi kwenye duara, kwa hiyo kila mmoja ni moja. Pembe iliyo kwako ni 30 na 30, yaani 60. Pembetatu yenye pande mbili sawa na pembe ya 60 katikati yake lazima iwe na pande zote tatu sawa; kwa hiyo upande wa tatu, ule uliosimama wima, nao ni moja. Upeo wa macho unaukata upande huo katikati. Nusu iko juu, nusu iko chini. Ile nusu ya juu ndiyo saini ya nyuzi 30. Haikutoka kwenye jedwali. Imetoka kwenye umbo. Kosaini inafuata kwa kanuni ya Pythagoras, kwa kuwa kimo kikizidishwa kwa chenyewe, na umbali ukizidishwa kwa wenyewe, vikijumlishwa hutoa moja kila mara. Nusu mara nusu ni robo; zinabaki robo tatu; kipeuo cha pili cha robo tatu ni kama 0.866. Saa nne asubuhi, nyuzi 60, ni picha ile ile iliyogeuzwa ubavu: kimo ni 0.866, umbali ni nusu. Saa tatu, nyuzi 45, ni katikati kabisa, kimo na umbali ni sawa, kila kimoja kama 0.707. Tazama pia jambo ambalo jedwali halimwambii mtu: katika saa mbili za kwanza jua limeshapanda nusu ya kimo chake chote, ilhali katika saa mbili za mwisho kabla ya adhuhuri linaongeza kidogo sana, kama sehemu moja tu kati ya saba. Ndiyo maana jua la saa tano na la saa sita hutofautiana kidogo kwa ukali.

Tukishakuwa na asubuhi, siku nzima imetufungukia. Turudi kwenye swali letu: saini ya nyuzi 150. Gawanya kwa 15, unapata saa kumi jioni. Jua limebakiza saa mbili lizame, kama vile saa mbili asubuhi lilivyokuwa na saa mbili tangu lichomoze. Kimo ni kile kile, nusu, na jua bado liko juu, basi ni chanya. Umbali ni ule ule, 0.866, lakini sasa uko magharibi, basi ni hasi. Nyuzi 210 je? Ni saa mbili usiku, saa mbili tangu lizame. Kina chake ni nusu, kwa hiyo saini ni hasi nusu. Nyuzi 300? Ukigawanya kwa 15 unapata 20, yaani saa nane usiku, ule usiku wa manane wenyewe. Zimebaki saa nne kabla ya macheo, kwa hiyo kina ni kile cha nyuzi 60: saini ni hasi 0.866, na kosaini ni nusu, chanya, maana jua limeshaelekea mashariki. Unaona tunafanya nini? Kila mara tunajiuliza maswali mawili tu. La kwanza: jua liko saa ngapi kutoka kwenye upeo wa macho ulio karibu? Hilo linatupa thamani. La pili: liko juu au chini, mashariki au magharibi? Hilo linatupa alama.

Tumeiacha tanjenti kwa makusudi, kwa sababu hapo ndipo saa yetu ya Kiswahili inapoonyesha uzuri wake. Tanjenti ni kimo kugawanya kwa umbali, saini kwa kosaini. Chomeka kijiti ardhini wakati wa asubuhi, pima urefu wake, ugawanye kwa urefu wa kivuli chake: umepata tanjenti. Saa tatu kijiti na kivuli ni sawa, tanjenti ni moja. Saa sita jua liko utosini, kivuli hakuna, na kugawanya kwa sifuri hakuwezekani; ndiyo maana nyuzi 90 hazina tanjenti. Sasa, wanafunzi wengi hustaajabu kuambiwa kuwa tanjenti ya nyuzi 225 nayo ni moja, tena chanya, wakati saini na kosaini zake zote ni hasi. Hebu iweke kwenye saa. Nyuzi 225 ni saa tatu usiku. Na saa tatu asubuhi na saa tatu usiku, kwenye duara letu, zinatazamana ana kwa ana. Ukivuta mstari kutoka moja hadi nyingine unapita katikati kabisa. Mstari ni mmoja, mwinamo wake ni mmoja, basi tanjenti ni moja. Hasi imegawanywa kwa hasi, ikatoka chanya. Kwa hiyo tanjenti haijui mchana wala usiku. Yenyewe hutosheka na jina la saa. Saini na kosaini ndizo zinazouliza: saa tatu ya asubuhi au ya usiku? Mgawanyo wetu wa siku, saa kumi na mbili za mchana na kumi na mbili za usiku zenye majina yale yale, umeibeba kanuni hiyo kwa vizazi pasipo mtu kuiita hisabati.

Najua kuna msikilizaji aliyekunja uso. Yuko mwalimu asemaye: ndugu mtangazaji, mtihani una dakika zake, sentensi ya kahawa inatoa jibu kwa sekunde mbili, wewe unamwambia mtoto asimame atazame mbingu! Hoja hiyo ina uzito, nami siidharau. Kwa aliyekwisha kulielewa duara, sentensi ya kahawa ni kifupisho kizuri. Ubaya wake huonekana pale inapotangulia. Jaribu kuiuliza kosaini ya nyuzi 180. Sentensi ina maneno manne kwa robo nne, lakini nyuzi 180 haziko ndani ya robo yoyote, ziko mpakani. Sentensi haina la kusema. Duara linajibu papo hapo: ni machweo, jua liko kwenye upeo wa macho, upande wa magharibi kabisa, kimo ni sifuri, umbali ni hasi moja. Jaribu kuiuliza kosaini ya hasi 60. Mwenye sentensi ataanza kutafuta kanuni nyingine ya pembe hasi. Mwenye duara atarudi nyuma saa nne kabla ya macheo, akute ni saa nane usiku, ajibu nusu. Jaribu nyuzi 750: ni mizunguko miwili kamili na nyuzi 30 juu yake, yaani keshokutwa saa mbili asubuhi, na jua la keshokutwa saa mbili halina tofauti na la leo. Basi kipi cha haraka, ndugu mwalimu: kanuni nne zenye mipaka, au picha moja isiyo na mpaka?

Yuko mwingine asemaye: hayo yote ya nini, wakati kikokotoo kipo hata kwenye simu? Naam, kipo, nacho ni msaidizi hodari. Lakini msaidizi hahitaji msimamizi? Kiulize kikokotoo, ni pembe ipi yenye saini ya nusu? Kitakujibu 30, kisha kitanyamaza. Hakitakwambia kuwa jua huwa na kimo hicho mara mbili kwa siku, saa mbili asubuhi na saa kumi jioni, na kwamba huenda fumbo lako linahitaji ile ya jioni. Kikokotoo hakijui kama wewe uko asubuhi au jioni; hilo ni lako kuamua. Zaidi ya hayo, kikokotoo hupima pembe kwa vipimo mbalimbali. Kikiwa kimewekwa kwenye radiani badala ya nyuzi, ukiandika saini ya 30 kitakujibu hasi 0.988, bila aibu yoyote. Asiyelijua duara ataiandika namba hiyo kwenye karatasi yake na kuendelea. Anayelijua atashtuka: saa mbili asubuhi, jua liko chini ya ardhi? Haiwezekani! Alama peke yake imemwonya. Kwa hiyo mwenye duara kichwani ndiye anayefaidi kikokotoo, kwa kuwa anaweza kukibishia.

Pingamizi la tatu ni la mkweli, nami nalikaribisha. Atasema: jua haliendi hivyo hasa. Kweli. Njia ya jua hutoka mashariki hasa na kupita wima utosini kwa walio kwenye ikweta, kama kule Nanyuki nchini Kenya, nayo ni katika siku za kuzunguka tarehe 20 au 21 Machi, na 22 au 23 Septemba. Siku nyingine na mahali pengine njia hiyo huinama au husogea pembeni. Kisha saa zetu za Afrika Mashariki zimefungwa kwenye longitudo ya nyuzi 45 mashariki, inayopita karibu na Mogadishu. Nairobi iko magharibi ya hapo, na ndiyo maana jua lake huchelewa kwa kama nusu saa kulingana na saa ya ukutani. Na tukiitaja saa ya ukutani, mishale yake huzunguka kinyume na jua letu, na kwenye uso wake saa moja hushika nyuzi 30, si 15. Tuchanganye vyote hivyo, si tutapotea? Hatutapotea tukikumbuka kipi ni kipi. Ukweli wa saini na kosaini umo ndani ya duara, na duara ni kamili. Halingoji Machi wala Septemba. Jua ni mpini tu wa kushikia. Jembe halilimi kwa mpini, lakini asiye na mpini hulima kwa taabu. Nasi watu wa karibu na ikweta, ambao mchana na usiku wetu hukaribia kulingana mwaka mzima, mpini huu unatukaa mkononi kuliko mtu wa kaskazini ya mbali, ambaye majira ya baridi jua lake huzama alasiri.

Pingamizi la mwisho ni la mpenda utaratibu: pembetatu ndiyo asili, duara ni nyongeza ya baadaye, kwa nini tuanze na nyongeza? Hapa historia inamjibu. Elimu hii haikuanza na pembetatu za darasani; ilianza na watu waliotaka kujua mahali pa nyota, na kwao kila kitu kilikuwa duara. Ptolemy, aliyefanya kazi Aleksandria nchini Misri katika karne ya 2, aliacha jedwali la urefu wa mistari inayokata duara kutoka nukta hadi nukta. Mhindi Aryabhata, katika kitabu chake cha mwaka 499, alitumia nusu ya mstari huo, akauita kwa neno la Kisanskriti lenye maana ya upote, yaani kamba ya upinde. Na ukiitazama ile pembetatu yetu ya saa mbili asubuhi, utauona upinde: tao ni duara, upote ni ule mstari wa wima, na saini ni nusu yake. Waarabu walilichukua neno lile kwa sauti, wakaliandika bila irabu. Baadaye likasomwa jaib, neno lenye maana ya uwazi wa nguo kifuani. Watafsiri wa Ulaya wa karne ya 12 wakaifuata maana hiyo, wakaandika sinus kwa Kilatini, na ndiko tulikopata saini. Ni katika karne ya 18, alipokuja Leonhard Euler na kitabu chake cha 1748, ndipo ilipozoeleka kuifanya nusu kipenyo iwe moja, na hesabu zikawa nyepesi. Kwa hiyo pembetatu ya wimbo wa darasani hatuitupi. Imo ndani ya duara, katika robo ya asubuhi, na upande wake mrefu ni moja. Ukigawanya kwa moja, unabaki na kimo chenyewe. Duara halikuja kuisumbua pembetatu. Ndilo lililoizaa.

Kabla sijaaga, niseme neno juu ya hasi, maana wengi huisikia kama upungufu au kosa. Nenda Unguja, nenda Bagamoyo, kaa ufukweni utazame maji. Maji hujaa, maji hupwa, na toka kujaa hadi kujaa tena hupita kama saa kumi na mbili na dakika 25. Chukua usawa wa katikati kuwa ndio upeo wa macho. Maji yakiwa juu ya hapo, chanya. Yakiwa chini ya hapo, hasi. Je, maji kupwa ni kosa la bahari? Muulize mwanamke anayelima mwani, au anayetafuta pweza miambani. Riziki yake iko kwenye hasi. Na mwendo wa maji hufanana na mwendo wa kimo cha jua letu: yakipita usawa wa katikati hukimbia, na karibu na ukomo wake hutulia kana kwamba yamesimama. Umeme wa majumbani mwetu nao ni vivyo hivyo. Hugeuza mwelekeo wake, chanya na hasi, mizunguko 50 kila sekunde, na taa huwaka katika nusu zote mbili. Hasi ni upande, si upungufu. Anayeijua hivyo hataiogopa kwenye karatasi ya mtihani.

Basi wasikilizaji wapenzi, tukusanye tulichovuna. Saini ni kimo, kosaini ni umbali, tanjenti ni kimo kwa umbali. Thamani hutolewa na ukaribu wa upeo wa macho. Alama hutolewa na upande. Yote yamo katika duara moja, na duara hilo tunalizunguka kila siku kwa saa zetu wenyewe. Kazi ya nyumbani ni ndogo, na haihitaji daftari. Hapo ulipo, sasa hivi ni saa ngapi? Kama ni mchana, izidishe kwa 15. Kama ni usiku, ongeza kwanza kumi na mbili, kisha uzidishe. Hiyo ndiyo pembe yako. Sasa niambie jua liko juu au chini, mashariki au magharibi. Ukishajibu hilo, umeshajibu swali la mtihani.